Cheche lilizimwa na wenyewe: jarida la mwaka 1970 na swali letu sisi vijana

(Hii ni mada niliyowasilisha kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Singida mjini. Wengi mliniomba niiweke hapa mtandaoni. Nimepunguza marudio, mengine nimeyaacha kama nilivyoyasema.)



Nimepewa nusu saa nizungumzie uhuru wa habari. Najua mnachokitarajia: magazeti yaliyofungiwa, Sheria ya Huduma za Habari, mitandao. Tutafika huko, msiwe na haraka. Lakini naomba tuanzie mbali kidogo, kwenye jarida moja la wanafunzi lililoishi mwaka mmoja tu kisha likafungwa. Linaitwa Cheche.

Nimelichagua kwa sababu moja. Cheche halikuwa jarida la wapinzani. Lilikuwa jarida la vijana wa chama tawala, vijana walioamini Ujamaa kuliko hata baadhi ya mawaziri wa wakati ule. Na aliyelifunga hakuwa mkoloni wala beberu. Ni serikali ya chama chao wenyewe. Kwa hiyo hii si hadithi ya kuwasema CCM halafu tukapiga makofi na kwenda nyumbani. Inatuhusu na sisi.

Turudi nyuma. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha linatangazwa. Benki zinataifishwa, viwanda vikubwa vinaingia mikononi mwa umma, viongozi wanawekewa miiko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kinachemka. Mwaka huo huo wanafunzi wanaanzisha umoja wao, USARF, yaani umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika. Ndani yake kulikuwa na Watanzania na wasio Watanzania. Mwenyekiti wake alikuwa kijana mmoja kutoka Uganda anayeitwa Yoweri Museveni. Ndiyo, huyo huyo mnayemfahamu. Tutarudi kwake.

Novemba 1969, USARF kwa kushirikiana na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU wakatoa toleo la kwanza la Cheche. Miongoni mwa wahariri walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, Henry Mapolu, na dada mmoja, Zakia Meghji. Dada zangu mliopo hapa, hilo jina liwekeni kichwani: mwaka 1969 kuna binti yuko kwenye meza ya uhariri wa jarida la siasa, hajakaa pembeni kuandaa chai ya kikao. Baadaye sana, mwaka 2006, ndiye alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii.

Sasa jarida lenyewe lilifananaje? Msifikirie karatasi za kung'aa. Wakati ule serikali ilikuwa na jarida lake la picha, Nchi Yetu, lililotolewa na idara ya habari. Hilo lilikuwa na mpiga picha, na kiwanda cha kulichapa, na bajeti. Cheche halikuwa na kitu. Vijana walipiga taipu makala kwenye karatasi za stensili, wakazipeleka kwenye mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha wino, wakapanga kurasa, wakabana pini, wakauza mkononi. Ukikosea herufi kwenye stensili, unapaka dawa ya kufutia, unasubiri ikauke, unapiga tena. Sisi leo tunaposti kwa sekunde tatu halafu tunalalamika bando limeisha.

Ule umaskini wa sura ulikuwa na faida yake. Jarida la serikali lilikuonyesha nchi inajengwa. Cheche liliuliza inajengwa kwa faida ya nani. Picha nzuri inaweza kukukinaisha ukaacha kuuliza. Karatasi ya stensili haina cha kukukinaisha. Usiposoma hoja, hakuna kingine cha kutazama.

Na hoja zilikuwa nzito. Mhadhiri wa historia Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, alikuwa karibu sana na vijana hawa. Desemba 1969 Rodney alitoa hotuba kwenye semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati, na gazeti la chama, The Nationalist, likamjibu kwa tahariri kali kweli kweli. Hiyo ilikuwa mwezi mmoja tu tangu Cheche kuzaliwa. Yaani dalili ya mvua zilishaonekana mapema.

Kisha ikaja Septemba 1970. Cheche likatoa toleo maalum, lote likiwa na andiko moja la kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza shahada yake ya sheria. Jina lake Issa Shivji. Alikuwa na miaka kama 24. Mimi nasoma sheria, kwa hiyo hapa mtaniruhusu nijidai kidogo. Andiko lile lilihusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya ndani ya Tanzania. Kwa lugha ya kijiweni, Shivji alisema hivi: sawa, tumetaifisha, lakini hebu tusome mikataba. Mashirika ya umma yameingia ubia na kampuni za nje. Kampuni hizo zinapewa mikataba ya uendeshaji. Mali imeandikwa jina la umma, lakini nani anaamua, na faida inaelekea wapi? Na hawa maofisa wakubwa wanaosimamia mali ya umma, nao si wanaanza kuwa tabaka lenye masilahi yake?

Jamani, huyu hakuwa anapinga Azimio la Arusha. Alikuwa anauliza kama Azimio linatekelezwa. Alilichukulia Azimio kama mkataba uliosainiwa, akataka kuona kila kifungu kiko wapi. Ndivyo tunavyofundishwa darasani: usiniambie umekubali, nionyeshe ulichokubali.

Miezi miwili haikwisha vizuri. Novemba 1970 amri ikatoka serikalini: USARF ivunjwe, Cheche lisitishwe. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili, na naomba mzisikilize kwa makini.

Ya kwanza: tayari kuna Umoja wa Vijana wa TANU, kwa hiyo hakuna haja ya umoja mwingine wa wanafunzi wanamapinduzi. Ya pili ilihusu jina. Cheche kwa Kirusi ni Iskra, na Iskra lilikuwa gazeti la Lenin lililoanza mwaka 1900. Nkrumah naye kule Ghana alikuwa na gazeti lake lenye maana hiyo hiyo, The Spark. Basi ikasemwa kwamba jina hilo linawafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi, badala ya Ujamaa wetu wa Kiafrika.

Mnaona? Hakuna aliyesema Shivji kadanganya takwimu. Hakuna aliyesema mkataba fulani kaunukuu vibaya. Hoja iliachwa mezani, likashikwa jina. Ukiona mtu anaacha ulichosema anashughulika na unaitwa nani, jua ulichosema kimemwingia.

Wapo watakaouliza, kwa nini hawakwenda mahakamani? Swali zuri. Wangeenda na nini? Tulikuwa chini ya Katiba ya Muda ya 1965, katiba ya chama kimoja. Haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo raia angeweza kuisimamia mbele ya jaji. Hati ya Haki iliingia kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuruhusiwa kuisimamia mwaka 1988. Hesabuni wenyewe. Kutoka 1970 hadi 1988 ni miaka 18. Kinyume chake, uwezo wa kufunga magazeti ulishawekwa kwenye sheria tangu 1968, alipopewa Rais. Mwaka 1976 ikaja Sheria ya Magazeti, uwezo huo akawa nao Waziri. Nchi ilipata kufuli mapema sana. Ufunguo wa raia umekuja miaka 20 baada ya kufuli.

Sasa nitasema jambo ambalo pengine baadhi yenu hamtalipenda. Sitaki tumchore Mwalimu kama dikteta wa kwenye katuni. Historia yenyewe inakataa. Januari 1971, miezi miwili tu baada ya Cheche kufungwa, tawi la vijana wa TANU pale pale chuoni lilianzisha jarida jingine, MajiMaji, na likaendeleza mijadala mikali kwa miaka. Mwaka 1972 kitabu cha Rodney cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa na Tanzania Publishing House, ambayo ilikuwa ya umma. Na mwaka 1976 shirika hilo hilo la umma likachapisha kitabu cha Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, ambacho kilikuza hoja zile zile za Cheche.

Subirini, hapo ndipo penyewe. Hoja ile ile, mwandishi yule yule, serikali ile ile. Mwaka 1970 inafungwa, mwaka 1976 inachapishwa kwa mtambo wa umma. Kilichobadilika ni nini? Sheria? Hapana, sheria ya 1976 ilikuwa kali vile vile. Kilichobadilika ni upepo. Siku ile wakubwa hawakupenda, siku nyingine wakapenda. Hiyo, ndugu zangu, kwa Kiswahili inaitwa hisani. Na hisani si haki. Haki unaidai, hisani unaisubiri. Haki ikivunjwa unafungua kesi, hisani ikiondolewa unasema asante kwa muda wote uliotuvumilia.

Hilo ndilo jambo moja ninalotaka mtoke nalo hapa. Vijana wa Cheche walikuwa na kila kitu: akili, ujasiri, walimu wazuri, na hata ukaribu na wakubwa. Walikosa kimoja tu, sheria inayowalinda hata wakubwa wakichukia. Wakaishi kwa hisani, na hisani ikaisha.

Mtasema, Kamanda, hayo ni ya zamani, leo tuna vyama vingi. Haya, twende leo. Agosti 2016 gazeti la Mseto linafungiwa miaka mitatu. Juni 2017 Mawio, miaka miwili. Septemba mwaka huo huo MwanaHALISI, miaka miwili. Juni 2020 Tanzania Daima linanyang'anywa leseni. Mseto walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na Juni 2018 mahakama ikasema kufungiwa kule hakukuwa halali. Machi 2019 mahakama hiyo hiyo ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kikiwemo cha 59 kinachompa Waziri uwezo wa kuzuia chapisho.

Halafu Februari 2022 Waziri akatangaza kuyafungulia magazeti yote manne. Watu wakashangilia, na mimi nakiri ilikuwa habari njema, waandishi wana familia za kulisha. Lakini kama mwanafunzi wa sheria najiuliza: yalifunguliwa kwa haki au kwa hisani? Kama mtu mmoja anaweza kufungua kwa kutangaza, basi mtu mmoja anaweza kufunga kwa kutangaza. Na kweli, Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisitishwa kwa siku 30. Sheria ilirekebishwa mwaka 2023, baadhi ya vifungu vya jinai vikaondolewa, tunashukuru. Leseni bado ipo. Kufuli limepakwa rangi mpya tu.

Nirudi kwa Museveni, niliahidi. Mwenyekiti wa USARF, umoja uliotoa Cheche, ukavunjwa kwa amri, mwaka 1986 akawa Rais wa Uganda. Ungetegemea mtu aliyewahi kuonja uchungu wa umoja wake kuvunjwa awe wa mwisho kumfungia mwenzake. Mei 2013 polisi wa Uganda waliingia ofisi za gazeti la Daily Monitor, Kampala, wakazifunga kwa siku kama kumi. Sababu ilikuwa barua iliyochapishwa na gazeti hilo kuhusu mipango ya kumrithisha mwanawe madaraka.

Sisemi haya kumcheka. Nasema ili tuogope. Maana sisi wapinzani tuna ugonjwa mmoja: tunadhani kuonewa kunatufanya tuwe watu wazuri. Si kweli. Kuonewa kunakufundisha maumivu, hakukufundishi kujizuia. Anayekuzuia ni sheria, na mazoea uliyoyajenga kabla hujapata madaraka.

Ndiyo maana swali langu leo linawalenga ninyi na mimi. Sisi ni umoja wa vijana wa chama, kama wale wa TANU pale Mlimani. Tuna ukurasa wetu, tuna magrupu yetu. Je, kijana wa Mkalama akiandika makala kuhoji matumizi ya fedha za chama chetu, tutaiweka? Akimkosoa kiongozi wetu wa taifa kwa hoja na ushahidi, tutamjibu kwa hoja, au tutauliza katumwa na nani? Nyie mnajua jibu. Kwenye magrupu yetu mtu akiuliza swali gumu anaitwa msaliti kabla hajamaliza kuandika sentensi ya pili, halafu anatolewa. Mwenye grupu ndiye Waziri, na kidole chake ndicho kifungu cha 59.

Kuna somo la pili, na hili linawahusu wasomi wenzangu. Cheche lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini sehemu kubwa ya makala zake zilikuwa kwa Kiingereza. Vijana wale walimwandikia mkulima bila mkulima kuweza kusoma. Miaka michache baadaye, kati ya 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu wakahamishwa nchi nzima. Wazee wetu hapa Singida wanaikumbuka, kaa nao jioni watakusimulia. Wakati ule ndipo mkulima alipohitaji jarida la kuuliza kwa niaba yake. Magazeti ya kila siku yalikuwa ya chama na ya serikali. Gazeti binafsi la Ngurumo nalo likafa mwaka 1976. Cheche lingekuwepo, na lingekuwa kwa Kiswahili, lisingezuia operesheni. Lakini mjukuu angekuwa na cha kusoma kuhusu yaliyompata babu yake, na si picha za nyumba zilizopangwa mstari tu.

Kwa hiyo, makamanda, naomba tutoke hapa na mambo matatu. Si maazimio makubwa, ni kazi za kufanya.

Kwanza, umoja wetu wa vijana uandike kanuni yake ya uchapishaji, ukurasa mmoja tu unatosha. Isemeke wazi kwamba makala ya mwanachama haiwezi kuondolewa kwa sababu imemuudhi kiongozi. Iondolewe ikiwa ya uongo au ya matusi, sababu iandikwe, na mwandishi awe na pa kukata rufaa. Tuanze kuwa na kile tunachokidai serikalini.

Pili, tuandike ya hapa, kwa lugha ya hapa. Bei ya alizeti inapangwa na nani? Ushuru wa mazao unakatwa mara ngapi kabla vitunguu havijafika sokoni? Mikataba ya miradi kwenye wilaya zetu iko wapi, na mwananchi anaweza kuiona? Shivji hakuhitaji siri za Ikulu. Alisoma nyaraka zilizokuwepo, akazisoma kwa makini. Hata sisi tunaweza kuomba taarifa za mapato na matumizi zinazopaswa kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Piga picha, andika, weka jina lako.

Tatu, tukiandika ilani, tusiandike "tutaheshimu uhuru wa habari". Kila chama kinaandika hivyo. Tuandike kwamba tutaondoa uwezo wa Waziri, akiwemo Waziri wetu, kufungia chombo cha habari bila amri ya mahakama. Mwanasiasa anayekubali kufungwa mikono kabla hajaingia ofisini, huyo anastahili kuaminiwa. Asiyekubali, hata akivaa sare yetu, mwogopeni.

Namalizia. Cheche walichoma wino na stensili kwa mwaka mmoja. Takriban miaka 40 baadaye, Hirji na wenzake waliandika kitabu cha kumbukumbu za jarida lile, kikachapishwa na Mkuki na Nyota pale Dar es Salaam. Nani anakumbuka jina la ofisa aliyeandika ile barua ya kulifunga? Mimi simjui, na sidhani kama yupo hapa anayemjua. Shivji tunamsoma darasani hadi leo.

Maswali karibuni. Na tafadhali yawe magumu, msije mkanihurumia kwa sababu mimi ni dada yenu.